Madirisha Niliyoyauza kwa Kilo

Niliyauza kwa kilo. Madirisha manane ya chuma, kila moja na bawaba zake na komeo la shaba lililopinda kama mdomo wa kasuku, nilimkabidhi fundi ayapeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na alichopata huko tukakikata kwenye ujira wake. Nilijiona mjanja. Nimeondoa kutu ndani ya nyumba na papo hapo nimepunguza gharama. Ilinichukua mwaka na nusu kuelewa nilichofanya, na miaka sita ya kujaribu kukirekebisha. Bado sijamaliza.

Jengo letu lina ghorofa nne na nyumba kumi na sita, na lilimalizika mwaka 1958. Tarakimu hizo ziko kwenye zege juu ya mlango mkuu, ila zimepakwa rangi mara nyingi hata inabidi uzipapase kwa kidole ndipo uzisome. Liko katikati ya jiji kubwa lenye joto, limezungukwa na minara ya vioo inayolifanya lionekane kama mtoto aliyepotea kwenye mkutano wa watu wazima. Nilinunua nyumba yangu ya ghorofa ya pili kwa sababu moja tu: ilikuwa karibu na kazini. Mapenzi hayakuwepo. Nilichokiona ni sanduku la zege. Paa bapa, kuta zisizo na nakshi yoyote, mabamba ya zege yaliyochomoza juu ya madirisha bila kazi ninayoijua, matofali ya matundu yaliyokuwa yakiingiza vumbi, na upande wa magharibi ukuta mpana mtupu usio na hata dirisha moja. Nilimwambia dada yangu kwamba aliyelichora alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Basi nikaanza kuliboresha, na neno hilo sasa hivi linanitia aibu. Nilitoa madirisha ya chuma, nikaweka ya alumini, yale ya kuteleza. Matofali ya matundu ya jikoni nikayaziba kwa plasta pande zote mbili. Kisha nikageukia sakafu. Ilikuwa ya terazo, imefubaa, ina rangi ya maji ya kufulia. Niliimwagia dawa kali ya kusafishia choo, nikapiga magoti na brashi. Dawa ikatoa povu, nami nikafurahi nikidhani ni uchafu unaotoka.

Kilichokuwa kikitoka ni sakafu yenyewe. Terazo ni vipande vya marumaru vilivyoshikwa na saruji, vikasagwa, vikang'arishwa. Na marumaru huliwa na asidi, saruji vilevile. Niliposuuza nikakuta uso uliokuwa laini umekuwa na vishimo vidogo vidogo, na tangu siku hiyo ukawa unanasa uchafu kuliko mwanzo. Nikaamua kuufunika. Maboksi ya vigae yalikuwa tayari yamepangwa kwenye korido siku Mzee alipopita.

Namwita Mzee kwa sababu jengo zima linamwita hivyo. Anakaa ghorofa ya tatu. Alikuwa mchora ramani, wa zama za penseli, rula na karatasi za kuonyesha upande wa pili, na ingawa amestaafu siku nyingi bado hatembei bila kipande cha chaki mfukoni. Nilimwamkia, akaitikia, akasimama mbele ya maboksi.

"Mwanangu, hivi vinaenda wapi?"

"Sebuleni, Mzee."

"Juu ya nini?"

Nikamwambia juu ya sakafu mbovu. Akaomba kuiona. Aliingia, akavua viatu, akashuka taratibu mpaka goti likagusa chini, akalowesha kidole gumba kwa mate na kukisugua sakafuni. Pale alipopitisha kidole palitokea duara dogo lenye rangi: kijani iliyokolea, nyeusi, na nyeupe yenye mishipa. Miaka miwili nilikuwa nakanyaga rangi hizo bila kuziona.

"Haijafa hii," alisema. "Umeichubua tu." Kisha akagusa ukanda mwembamba wa shaba uliogawa sakafu katika miraba. Nilidhani ni pambo. Akanieleza kwamba saruji hunywea inapokauka, na sakafu pana isiyogawanywa huchagua yenyewe pa kupasukia. Ukanda ule unaiambia ipasuke wapi. Vigae havikufunguliwa. Nilivirudisha dukani kwa hasara, na baadaye nikampata fundi wa mashine ya kusagia aliyekata uso ulioharibika, akaziba vishimo kwa saruji nyeupe iliyochanganywa na rangi, kisha akapanda hatua kwa hatua, kutoka jiwe la kukwaruza hadi la kung'arisha. Siku nne, na vumbi la tope hadi kwenye dari. Sasa hivi naisafisha kwa maji na sabuni isiyo kali, basi.

Lakini siku ile ya vigae Mzee hakuondoka. Alisimama katikati ya sebule akajipepea kwa mkono. "Mbona humu mna joto namna hii?" Nikamwonyesha madirisha mapya, kwa fahari kidogo. Hakusema kitu. Aliniomba tu Jumapili nisitoke.

Jumapili ile ndiyo iliyonifungua macho. Tangu saa tatu asubuhi, kila saa, Mzee alitoka kwenye kibaraza changu na kuchora kwa chaki mstari mdogo ukutani pale kivuli cha bamba la zege kilipoishia. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa pembeni ya mstari. Saa nne, kivuli kilikuwa kimeshafunika kioo chote. Saa sita kilikuwa kimeteremka chini ya dirisha, karibu kufika sakafu ya kibaraza. Saa tisa bado jua halikugusa kioo. Mistari ile ilipangana ukutani kama ngazi, na dirisha lote lilikuwa ndani ya kivuli kwa saa zote ambazo jua lina ukali.

"Lile bamba ulisema halina kazi?" aliniuliza. Sikumbuki kama niliwahi kumwambia hivyo; labda dada yangu alisikika kwenye ngazi.

Alinieleza mambo ambayo nadhani kila anayekaa kwenye jengo la namna hii angepaswa kuelezwa siku anayopewa ufunguo. Kwenye nchi za joto jua la mchana liko juu kabisa, kwa hiyo bamba la kulala linatosha kulikinga dirisha linalotazama kaskazini au kusini. Jua la jioni ni jambo jingine. Linakuja limeinama, linapita chini ya bamba lolote, na njia ya uhakika ya kulizuia ni kutoweka dirisha upande huo. Ndiyo maana jengo limelazwa kutoka mashariki hadi magharibi, pande zake ndefu zikitazama kaskazini na kusini, na ukuta wa magharibi ni mtupu. Ule ukuta wa haraka! Jirani yetu wa ghorofa ya kwanza aliutoboa akaweka dirisha kubwa apate mandhari. Pazia lake zito huwa limefungwa kuanzia saa tisa alasiri, na mandhari hajaiona tena.

Kuhusu madirisha hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Alichukua kipande cha kadibodi akakisimamisha nje ya dirisha kama bawa la mlango. Upepo uliokuwa ukipita sambamba na ukuta ukagonga kadibodi, ukageuka, ukaingia ndani. Karatasi ya mistari yetu ikaruka mezani. Dirisha la bawaba hufunguka lote na bawa lake hukamata upepo kama tanga. La kuteleza hufunguka nusu tu, hata ufanyeje, maana kioo kimoja lazima kisimame nyuma ya kingine. Na huo upepo ukishaingia unahitaji pa kutokea. Pa kutokea palikuwa matofali ya matundu ya jikoni.

"Nyumba hii ilikuwa inapumua," alisema. "Wewe umeiziba pua, mdomo ukauacha nusu wazi."

Plasta ya jikoni niliibandua mwenyewe, kwa patasi na nyundo ndogo, jioni baada ya kazi, tundu moja baada ya jingine. Yalikuwa 54. Fangasi weusi waliokuwa wakirudi kwenye kona ya dari kila nikipaka rangi hawakurudi tena.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, na nilisoma kwa pupa ya mtu aliyegundua kwamba ameoa bila kuuliza ukoo. Nilijua usanifu wa kisasa wa katikati ya karne ya 20 kwa picha tu, na hasa picha ile moja ambayo kila mtu ameiona: wanawake wawili wamekaa kwenye chumba cha vioo kinachoning'inia juu ya taa za Los Angeles. Julius Shulman aliipiga mwaka 1960 katika nyumba iliyochorwa na Pierre Koenig. Ni picha nzuri kupita kiasi, na nadhani imetupoteza. Imetufanya tuamini kwamba usanifu huu ni vioo, viti vya miguu myembamba na matajiri. Kumbe sehemu kubwa ya urithi huo ni majengo kama letu: shule, hospitali, masoko, nyumba za watumishi, mabweni, yote yakijibu swali la kawaida kabisa la jinsi ya kuwapa watu wengi kivuli, hewa na mwanga kwa saruji kidogo iwezekanavyo.

Matofali ya matundu niliyoyaziba yana ukoo. Huko Recife, Brazili, mwishoni mwa miaka ya 1920, watu watatu waliyatengeneza kwa saruji na kuyaita cobogó, jina lililounganishwa kutoka herufi za mwanzo za majina yao ya ukoo: Coimbra, Boeckmann, Góis. Wazo la ukuta unaopitisha hewa na kuzuia jua ni la kale mno kuliko wao, walichofanya ni kulitia kwenye kalibu. Vikinga jua vya zege vilienea duniani pamoja na jina la Le Corbusier, msanifu mashuhuri wa Ulaya, lakini ukitazama wizara ya elimu iliyojengwa Rio de Janeiro, ambako Lúcio Costa na Oscar Niemeyer walikuwa kwenye kundi la wachoraji na yeye mshauri, utaona Wabrazili walivyolichukua wazo hilo na kulifanya lao. Wasanifu wa Kiingereza Maxwell Fry na Jane Drew walijenga Afrika Magharibi wakihangaika na upepo na unyevu kuliko sura. Na Soko la Kariakoo la Dar es Salaam alilolichora Beda Amuli, ambalo ni la baadaye kidogo, miaka ya 1970, lina paa la zege la maumbo kama miavuli iliyopinduliwa, yanayokinga mvua na kuyaelekeza maji chini. Nilipoiona picha yake kwa macho mapya nilicheka peke yangu. Miaka yote nilidhani ni pambo.

Jengo halikunisubiri nimalize kusoma. Usiku mmoja kipande cha zege ukubwa wa kiatu kilianguka kutoka chini ya kibaraza cha ghorofa ya tatu. Hakikumpata mtu. Kamati ya wakazi, ambayo kwa kiherehere changu nilikuwa nimeshajiunga nayo, ilimwita mkandarasi. Alikuja na ngazi na ndoo, akaziba shimo kwa plasta, akapaka rangi, akalipwa, akaenda. Miezi tisa baadaye kikaanguka tena, safari hii kikiwa kikubwa zaidi, na plasta yake imeshikamana nacho.

Sababu yake nimeirudia kwenye mikutano mingi hata najisikia kama kanda. Zege jipya lina ualkali mkali, na ualkali huo ndio unaoilinda nondo isishike kutu. Hewa ya ukaa huingia kwenye vitundu vya zege polepole, milimita baada ya milimita, mwaka baada ya mwaka, na kuumaliza ualkali huo. Siku inapoifikia nondo, na unyevu upo, kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, kwa hiyo huvimba na kulisukuma zege mpaka litoke. Wajenzi wa miaka ile walipenda mabamba membamba, na nondo mara nyingi iko sentimita 2 tu au pungufu kutoka nje. Ukipaka plasta juu ya nondo iliyooza umeificha tu, ugonjwa unaendelea ndani.

Fundi wa pili alianza kwa nyundo ndogo. Alipita chini ya vibaraza vyote akigonga na kusikiliza. Zege zima hulia kavu na kali, lililoachana na nondo hulia kama boksi tupu, na baada ya nusu saa hata mimi niliweza kutofautisha. Alizungushia chaki kila palipolia vibaya. Mabaka yalikuwa 31, wakati kwa macho tuliona manne. Kila baka lilikatwa mpaka nyuma ya nondo, nondo ikasuguliwa kwa brashi ya waya hadi ikang'aa, ikapakwa dawa ya kuzuia kutu, kisha zege la kuzibia likapandishwa kwa tabaka na kufunikwa magunia yenye maji lisikauke haraka.

Kitu kilichotutesa ni sura. Zege la mwaka 1958 lilimwagwa kwenye mbao, na alama za mbao bado zinaonekana, mpaka vifundo. Kiraka laini juu yake huonekana kama plasta ya jeraha. Tulitengeneza vibao sita vya majaribio, kila kimoja na mchanga tofauti, tukaviegemeza ukuta wa nyuma vipigwe na jua na mvua kwa miezi kadhaa kabla ya kuchagua. Fundi akatafuta mbao kuukuu zilizokauka, akazikandamiza kwenye kiraka kingali kibichi. Ukijua pa kutazama utaviona. Usipojua, unapita.

Katikati ya kazi hiyo ikaja barua. Mwekezaji alitaka kununua nyumba zote kumi na sita, alibomoe jengo, asimamishe mnara.

Nilikimbilia kwenye sheria nikidhani itanipokea. Majengo ya aina hii yana umri mbaya: ni makuukuu mno kuitwa mapya, na ni mapya mno kuitwa urithi. Rejista ya kitaifa ya Marekani kwa kawaida hudai miaka 50. Jiji la New York linadai 30, na Lever House, mnara wa vioo uliokamilika 1952, ulilindwa mwaka 1982, mara tu ulipofikisha umri huo. Brasília ilipata bahati ya pekee, ilizinduliwa 1960 na kuingia orodha ya UNESCO mwaka 1987. Shirika la kimataifa linaloyapigania majengo haya, Docomomo, lilianza Uholanzi mwaka 1988, na hilo linakuonyesha watu walivyochelewa kuanza hata kuhesabu. Orodha ya jiji letu ilikuwa ya majengo yenye nguzo na matao. Tuliomba liongezwe. Hatukujibiwa.

Ukumbi wa mkutano ukajaa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, na picha, na mistari ya chaki ya Mzee nikiwa nimeikuza. Nilizungumza juu ya kivuli kwa dakika ishirini. Nilipokaa, mama wa ghorofa ya nne akasimama, akajishikilia kwenye kiti cha mbele yake.

"Mwanangu, kivuli chako kizuri. Ila mimi napanda ngazi sitini na nne, na paa linanivujia kitandani."

Hakukuwa na la kumjibu. Watu walicheka, yeye hakucheka. Nilielewa kwamba nilikuwa nimeliongelea jengo kana kwamba hakuna mtu anayeishi ndani yake, na kwa kweli usanifu huu umewahi kushtakiwa kwa kosa hilohilo, wakati mwingine kwa haki. Tena mikono yake si misafi. Stesheni ya Pennsylvania ya New York, jengo tukufu la mwaka 1910, ilianza kubomolewa 1963 kupisha mambo ya kisasa, na hasira iliyofuata ndiyo iliyozaa sheria ya jiji hilo ya mwaka 1965 ya kulinda majengo. Yaani ngao tunayoililia leo ilichongwa dhidi ya watu waliojenga majengo kama letu. Nadhani ni vizuri mtetezi wa usasa alijue hilo kabla ya kupanda jukwaani. Na si kila jengo la miaka ile linastahili kubaki. Mengine yalikuwa mabaya tangu siku ya kwanza.

Tuliacha hotuba, tukashika paa. Paa bapa halikupaswa kuwa bapa kabisa. Lilikuwa na mwinamo mdogo kuelekea mabomba mawili, ambao tabaka za lami zilizoongezwa kwa miaka mingi, moja juu ya nyingine, zilikuwa zimeufuta. Moja ya mabomba ilikuwa imezibwa na mtu aliyeweka antena. Tulitoa lami yote, tukarudisha mwinamo, tukaweka tabaka moja jipya, na tukapanga zamu ya kusafisha mabomba kabla ya kila msimu wa mvua. Zamu hiyo iko kwenye ubao wa matangazo na wazembe huandikwa majina. Wachumba wa chini waliokuwa wakilalamikia kelele za barabarani wakabadilishana nyumba na mama wa ghorofa ya nne. Sasa yeye anakaa hatua sita kutoka langoni, na ndiye mlinzi mkali kuliko wote wa matofali ya matundu, kwa sababu anaona kila anayeingia bila yeye kuonekana.

Mara nyingi namkumbusha mwenye haraka mnara wa Nakagin wa Tokyo, aliouchora Kisho Kurokawa na uliokamilika 1972. Vyumba vyake 140 vilikuwa vidonge vya kubanduliwa na kubadilishwa kila baada ya miaka 25 hivi. Havikubadilishwa hata kimoja. Uliachwa uvuje mpaka ukabomolewa mwaka 2022, nasi sote tukasikitika kwenye simu zetu.

Wakazi wanne walikataa kuuza, kisha saba. Mwekezaji akachoka, akaenda kununua jengo jingine mitaa miwili kutoka kwetu, ambalo kwa sura lilikuwa pacha wa letu, pengine la mchoraji yuleyule. Lilibomolewa kwa wiki tatu. Nilipita pale kila asubuhi. Siku moja nikaona lori limebeba madirisha ya chuma.

Nililifuata mpaka kwenye uwanja wa vyuma chakavu. Mwenye uwanja aliuliza nayataka ya nini, nikamwambia ni ya kwangu, akanitazama vibaya. Akayaweka kwenye mizani. Niliyanunua kwa kilo.

Mazima yalikuwa matano. Nilitumia miezi miwili kuyakwangua. Kwanza kemikali ya kulainisha rangi, kwa sababu rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi yenye sumu na vumbi lake si la kuvuta, kisha kisu kipana. Nilihesabu tabaka saba: nyeupe, nyeupe, kahawia, krimu, buluu ya kutisha, nyeupe, na chini kabisa kijani kibichi chepesi. Nilikwangua kidogo kwenye kizingiti cha ngazi zetu, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kubadilisha dirisha, nikaikuta kijani ileile. Jengo letu halikuwa jeupe lilipozaliwa.

Kuna wanaosema hii si hifadhi, madirisha haya si ya jengo hili. Wana hoja. Lakini Lever House yenyewe vioo vyake vyote vya nje na fremu zake, zilizokuwa zimeoza kwa maji, vilibadilishwa takriban miaka 50 baada ya kujengwa, kwa umakini wa kufanana na vya mwanzo, na hakuna anayepita barabarani akasema limetoweka. Kwa jengo ambalo thamani yake iko kwenye namna linavyofanya kazi, mimi nakubali chuma cha pacha wake. Nisingekubali alumini iliyopakwa rangi ya chuma. Mpaka wangu uko hapo, na nimeuchora mwenyewe.

Vyumba vya kulala bado vina madirisha matatu ya alumini, na vina joto. Sebule na jikoni zimerudi. Fundi wa kuchomelea alikuja asubuhi moja, akaondoa alumini, akafunga la kwanza, akatia puti kwenye kioo, akalipaka mafuta kwenye bawaba. Lilifunguka bila sauti. Nikampigia Mzee simu.

Alishuka polepole, akalifungua dirisha mpaka mwisho, akatoa mkono nje, akangoja kama mtu anayepima homa.

"Mwanangu, mchana upepo wa hapa unatokea upande gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na bawaba umezifunga upande gani?"

Nikatazama. Bawa lilikuwa limefunguka likiupa upepo mgongo. Badala ya kuukamata na kuuleta ndani, lilikuwa likiupitisha kistaarabu kwenda kwa jirani. Fundi alikuwa ameshakusanya vyombo vyake, na nilimsikia akiteremka kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza. Nikainama kwenye tundu la tofali nikamwita arudi.